Chembe Zisizoshikana

4 Februari

Kaka yangu Cheche,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta umeshapoa na jua la huko bwawani, au bado unachomelea mabomba mpaka unaona nyota mchana. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima. Jana kanigombeza kuanzia mlangoni mpaka jikoni eti nimekonda. Nikamwambia, Mama, mnaniita Sindano tangu utotoni, ulitegemea ninenepe lini? Shemeji yako anakusalimu. Amepewa darasa la saba, hesabu, na siku hizi hata mkate anaukata kwa rula. Huku karakanani tuna sare za shule tatu, mashati mia nne ya mikono mifupi, na msimamizi wetu hataki kusikia habari ya mtu kuumwa.

Nami niliumwa. Jino la mwisho upande wa kulia lilioza, nikaenda kung'olewa. Daktari wa meno kijana mchangamfu, alilitoa kwa mvuto mmoja, akaniambia niume pamba nusu saa. Nikauma nusu saa. Nikauma saa nzima. Kaka, damu ilitoka siku nne. Haikumwagika, ilivuja tu, nikaimeza mpaka tumbo likachafuka. Siku ya nne yule mchangamfu hakuwa mchangamfu tena. Akanishona fizi, akanituma maabara.

Maabara wakaihesabu damu yangu. Nyekundu imepungua kidogo, lakini chembe sahani, zile ndogondogo zinazogandisha damu mtu akijikata, zipo za kutosha. "Una jeshi zima, dada," akaniambia mpimaji. "Nenda nyumbani kapumzike." Nikaenda nyumbani.

Lakini wewe unajua, tangu mtoto nikigongwa na mlango doa linakaa wiki tatu. Na mambo ya kila mwezi sitakuandikia wewe mwanamume, ila vitambaa vyangu vilikuwa mara mbili ya vya wenzangu.

Sasa nikuulize kitu, usinicheke. Dada alikufa kwa nini hasa? Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka tu nilipelekwa kwa jirani nikapewa maziwa. Mama anasema homa. Homa gani? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Sindano


2 Machi

Sindano,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako imechelewa kwa sababu lori la chakula lilikwama mtoni, na mfuko wa barua ukakwama nalo. Mimi mzima wa afya. Mpishi wetu ameachwa na mkewe, sasa anatulisha maharage yenye majonzi. Mhandisi amenipa miwani mipya ya kuchomelea, nikiivaa nafanana na nzi. Mwambie Mama akande magoti kwa maji ya moto, asione uvivu.

Habari ya jino imenihuzunisha. Lakini kama maabara wamesema jeshi lipo, basi lipo. Kuna watu ngozi zao laini tu.

Kuhusu Dada, Mama akisema homa, ni homa. Miaka kumi na saba imepita. Tusifukue.

Ila nikuambie kama kaka. Usimeze aspirini hata kichwa kikitaka kupasuka. Mtu asikung'oe jino jingine kabla hujaniandikia. Ukijikata na mkasi, nenda hospitali siku ileile. Na wewe na Shemeji msiharakishe mambo ya watoto. Bado wachanga nyinyi, subirini. Mwaka mmoja, miwili. Nakuomba sana.

Huku mawingu yameanza kukusanyika. Wasalimie wote.

Cheche


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Sina habari nyingine ya nyumbani, maana tangu barua yako ifike sijaona wala kusikia kitu.

Nimeisoma mara tisa. Mtu anayejua kuwa dada yake alikufa kwa homa hamkatazi mdogo wake kuzaa. Mimi si msomi, mimi ni fundi wa nguo, lakini shati lililovaliwa ndani nje nalitambua toka mbali.

Nina mimba ya miezi minne. Sikukuandikia mwezi wa pili kwa sababu nilitaka ipite hatari kwanza. Ndiyo maana niliuliza habari za Dada. Kuna mama mtu mzima pale karakanani anayeishi mtaa wetu wa zamani. Aliniona natapika, akaniangalia sana, akasema, "Mungu akuvushe, yasikukute ya dada yako." Kisha akashtuka, akainama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Juzi nikaenda kwa Mama. Nilimuuliza jikoni, macho kwa macho. "Mama, Dada alikufa akijifungua?" Akachukua masufuria safi akaanza kuyaosha. Aliyaosha yote, moja baada ya jingine, mimi nimesimama palepale. Alipomaliza akasema, "Ukitoka funga mlango, paka ataingia."

Hatuna paka, Kaka. Niambie wewe.

Sindano


25 Aprili

Kaka,

Wiki tano, kimya. Redio inasema barabara ya bwawani imekatika, kwa hiyo nailaumu mvua kwanza, wewe baadaye. Shikamoo. Shemeji yako anapika siku hizi, tunakula na kuomba Mungu. Mama ameijua mimba. Hakupiga vigelegele. Alikaa chini kwenye ngazi akaniuliza miezi mingapi, kama mtu anayeuliza mgonjwa amebakiwa na siku ngapi.

Wiki iliyopita nilianza kutoka damu puani asubuhi nikiwa kazini. Saa nane mchana ilikuwa bado inatoka. Mashati kumi na moja yameharibika. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa, na njia nzima alinishika mkono. Hapo ndipo nilipojua hali yangu mbaya.

Wakanipeleka kwa daktari wa damu. Mama wa makamo, sauti ndogo, hana haraka. Yeye hakuhesabu tu. Aliichuja damu yangu, akatoa nyekundu yote, yakabaki maji ya manjano yenye ukungu. Ule ukungu ndio chembe sahani. Akatia kwenye kichupa dawa ya kuziamsha, na pembeni akaweka kichupa cha nesi wake, akakitia dawa hiyohiyo. Baada ya dakika chache, cha nesi ukungu ukaanza kukatika, chembe zikashikana vipande vipande, maji yakatakata. Changu kilibaki na ukungu vilevile. Tulikitazama sote watatu.

Kisha akanieleza. Mshipa ukipasuka, chembe sahani ndizo za kwanza kufika. Zinanata penye tundu, zinajitandaza, zinawaita wenzao, na zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka tundu linazibwa. Halafu damu inafuma nyuzi juu yake ili kizibo kisibanduke. "Wewe ni fundi," akasema. "Kabla hujapitisha cherehani, si unashikiza kwanza kwa mkono?" Nikasema ndiyo. "Basi damu yako haina wa kushikiza. Chembe unazo tele, ila zimezaliwa bila mikono ya kushikana."

Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, wachache sana wanao. Baba na mama wanaweza kuubeba wote wawili wasiugue, watoto wakaugua. Akashika kalamu. "Una ndugu wa tumbo moja aliyewahi kutokwa damu hivi? Aliyefariki?"

Nikasema sijui. Kaka, nilitahayari. Mtu mzima na tumbo lake mbele, anaulizwa habari za dada yake mwenyewe, hajui.

Naogopa. Kila dakika nagusa fizi kwa ulimi nione kama kuna ladha ya damu. Mtoto ameanza kucheza tumboni, na badala ya kufurahi nashtuka kila akinipiga teke, nasema leo atanipasua kitu. Niandikie, hata kama ni mabaya.

Sindano


30 Mei

Mdogo wangu,

Si mvua. Barabara ilikatika siku tisa tu. Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata tarehe sita Aprili. Nimeandika majibu manne na yote nimeyatia kwenye jiko la mpishi. Huku wazima. Leo sina la kukuchekesha.

Dada alikufa akijifungua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi kumi na tisa. Mumewe alikuwa safari, kwa hiyo tulimpeleka sisi, Baba, Mama na mimi. Mtoto alizaliwa asubuhi, amekwisha kufa. Tukaambiwa poleni, mama yake atapumzika sasa. Kisha nesi akatoka, akarudi ndani, akatoka tena, na kila akitoka alikuwa anatembea haraka zaidi. Mwishowe akasema inahitajika damu. Baba akatoa palepale. Mama wakamkataa, mwenyewe hakuwa na damu ya kutosha. Nesi akanitazama mimi.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa mwisho wa korido. Nikakalishwa kwenye kiti cha mbao. Nilimwona anachana karatasi ya sindano. Nikasema, "Nesi, naomba nikajisaidie kwanza." Akasema, "Fanya haraka, mwanangu." Nikatoka kwa mlango wa nyuma, Sindano. Nikavuka barabara, nikaingia kwenye uwanja wa kuuzia mbao, nikakaa katikati ya marundo mawili. Nikaanza kuzihesabu mbao. Nilijiambia nikifika mia narudi. Nilifika mia mara nyingi sana.

Niliporudi, Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya hospitali, ameviweka viatu vya Dada mapajani. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote, mpaka naye tukamzika. Mama ndiye aliyesema tuwaambie watu ni homa. Wakijua ni damu watasema ukoo una damu mbovu, na kuna mtoto wa kike mwingine anakua. Huyo ndiye wewe. Nilikubali upesi kuliko wote, kwa sababu homa ilinisitiri na mimi.

Sasa unajua kwa nini naishi makambini, na kwa nini nikija nyumbani silali zaidi ya siku mbili.

Mpe daktari aisome barua hii. Isomwe na yeyote.

Kaka yako


18 Juni

Kaka,

Barua imefika. Mama mzima. Shemeji yako mzima. Mimi na tumbo tupo.

Nilikaa nayo siku sita. Nilitaka nikukasirikie sawasawa, lakini hasira inataka nafasi, na nafasi yangu yote imekaliwa na woga. Zamu yake itafika.

Daktari ameisoma mara mbili. Kisha akavua miwani akasema jambo, na nakuandikia si kwa kukubembeleza bali kwa sababu ndivyo alivyosema. Alisema damu yako ingemwongezea Dada muda. Lakini ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka. Alichokosa ni chembe sahani za mtu mwingine, zenye kushikana, na miaka ile hospitali ndogo haikuwa nazo. "Huenda angekufa tu," akasema. "Na huenda asingekufa. Mimi sikuwepo."

Mpango wenyewe ni huu. Hatutangojea uchungu uje wenyewe. Tarehe ishirini na moja Agosti, asubuhi, watanipa dawa ya kuuanzisha, madaktari wote wakiwa kazini. Kabla ya hapo nitatundikiwa chembe sahani. Ila haziwezi kuwa za mtu yeyote tu. Mwili wangu ukiziona ngeni unaweza kuzishambulia, zikafa kabla ya kufanya kazi. Wanatafuta mtu wa kulingana nami, na wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mimi nimebakiwa na mmoja.

Na hazikai, Kaka. Damu nyekundu inatunzwa kwenye friji wiki kadhaa. Hizi ni siku tano basi, tena nje ya friji, na muda wote zinatikiswa taratibu kwenye mashine, la sivyo zinaharibika. Kwa hiyo huwezi kutoa mwezi wa saba ukaenda zako. Lazima uwe hapa kabla ya tarehe ishirini, ukae kwenye kiti, sindano mkononi, kama saa moja na nusu.

Mji wa karibu na kambi yenu una hospitali. Wakutoe kichupa kimoja cha kupima, wakilete kwa daktari. Karatasi yake hii hapa ndani ya bahasha.

Utakuja? Usiniandikie mengi. Neno moja.

Sindano


9 Julai

Sindano,

Nitakuja.

Neno lenyewe ndilo hilo, mengine si lazima usome. Nilishuka mjini na lori. Mpimaji alikuwa binti mmoja mcheshi, akaniuliza, "Baba, mbona unatetemeka? Si umesema unachomelea chuma?" Nikamwambia chuma hakinichomi mimi. Nikautazama ukuta. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu juu ya kiti, mtu ananipepea kwa faili. Walicheka sana. Kichupa chenyewe kilikuwa kama kidole gumba, na nilizimia kwa hicho.

Kufa siogopi. Naogopa nitakaa kwenye kile kiti na miguu itaniamulia tena.

Cheche


4 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Majibu yametoka, tunalingana. Daktari amefurahi mpaka amenionyesha karatasi, kama vile mimi naweza kuisoma. Chembe zako wewe ni nzima, zinashikana.

Msimamizi amenikataza kugusa mkasi, nakaa tu nakunja mashati. Shemeji yako amebandika vitambaa kwenye pembe zote za meza na kitanda, nyumba inafanana na mtu aliyefungwa bendeji. Mswaki wangu ameuloweka maji moto ulainike. Tunaongea mambo madogo tu. Jana nikamwambia, nikifa usimwache mtoto kwa Mama, atamwambia nilikufa kwa homa. Alitoka nje akasimama uani muda mrefu, aliporudi akasema ameona mbegu za nyanya zimeota.

Mama hatakuja hospitali. Nimemuomba mara tatu. Anasema magoti.

Huku wanasema mito imejaa. Barua yako ya mwisho ina mwezi mzima. Sijui kama hii utaipata kabla hujaondoka, au kama umeondoka, au kama uko kati ya marundo ya mbao mahali fulani. Nisamehe. Hiyo ilikuwa hasira, imepenya kidogo.

Njoo.

Sindano


21 Agosti, kwenye benchi la korido

Sindano,

Nakuandikia nyuma ya fomu ya hospitali kwa penseli ya Shemeji. Uko upande wa pili wa ukuta huu na sina ruhusa ya kuingia. Nikikaa bila kuandika nitatembea, na nikitembea sijui nitaishia wapi.

Sikukueleza juzi nilivyofika, maana ulikuwa umelala. Daraja dogo la kambini lilisombwa. Dereva akakataa, nikavuka kwa kushika kamba na nguo kichwani, nikatembea saa sita kufika barabara kuu. Ndiyo maana nguo zangu zilikuwa udongo mtupu.

Jana nilipokwenda kutoa, nilimwambia Shemeji achukue kiti akae mlangoni, akiegemeze kabisa, na nikiomba kwenda kujisaidia akatae. Hakuuliza kwa nini. Alileta madaftari ya wanafunzi akawa anasahihisha. Waliponichoma nilisema, "Shemeji, nataka kutoka." Akasema, "Saba mara nane?" Nikasema toka hapo. Akasema, "Saba mara nane, Shemeji." Nikamjibu. Akaniuliza nyingine. Hivyo mpaka mwisho. Damu inatoka, inazunguka kwenye mashine, mashine inazichambua chembe sahani, na nyekundu inakurudia mwilini ikiwa ya baridi. Midomo inakufa ganzi. Mifuko miwili ilijaa maji ya manjano. Mpimaji akainua mmoja kwenye mwanga wa dirisha akautikisa, nikaziona zinazunguka ndani kama moshi. Nilikuwa sijawahi kuona kitu changu kizuri namna hiyo.

Saa mbili asubuhi wamekutundikia wa kwanza.

Saa tano. Nakusikia. Shemeji ameacha kusahihisha.

Saa nane kasoro. Mtoto analia! Shemeji amenishika shingo, amenikaba kabisa. Nesi katoa kichwa, kasema, "Wa kike," karudi ndani.

Saa nane na nusu. Nesi ametoka, amerudi. Ametoka tena na beseni lililofunikwa. Sindano, anatembea haraka. Naijua hii. Daktari wako amepita mbio, yule asiye na haraka.

Wamekuja kuchukua mfuko wa pili. Nimemwambia nesi, mkono huu hapa, mwingine huu, chukueni. Ameniambia, "Leo huwezi kutoa tena, kaa chini." Nimekaa. Mlango wa nje uko hatua nane kutoka hapa, uko wazi, nauona mti na baiskeli ya mtu. Nimekaa. Shemeji ameficha uso kwenye madaftari.

Saa tisa. Hakuna anayetoka.

Bado.

Mlango umefunguliwa. Nesi anasema, "Kaka yake ni nani kati yenu?"


14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekaa nyumbani kwa Mama, mtoto ubavuni, na ninaandika taratibu kwa sababu mikono bado haina nguvu. Sote wazima. Fomu yako niliikuta chini ya mto siku ya pili. Nimeisoma, kisha nikampa Shemeji yako aisome, akasema saba mara nane ulikosea mara ya kwanza.

Wewe uliona upande wa korido, mimi nikuambie wa ndani. Mtoto alitoka vizuri, nikamshika. Halafu nikahisi joto chini yangu, na miguu ikaanza kuwa baridi. Daktari alikuwa anaongea na wenzake kwa sauti ileile ndogo, lakini alikuwa anakandamiza tumbo langu kwa mikono miwili na jasho linamdondoka. Niliona mfuko wa manjano unatundikwa. Nikawaza, ile ni yake. Nikasema mwiteni. Sikuwa na la kukuambia. Nilitaka tu kuona kama bado upo.

Ukaingia. Rangi yako ilikuwa mbaya kuliko yangu. Ukasimama karibu na kichwa changu, na sisi wawili tukawa tunatazama vitambaa. Wanatoa, wanaweka kingine. Wanatoa, wanaweka. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kisha daktari akatoa kimoja, akakiangalia, akakirudisha palepale. Akasema, "Zimeshika." Ukaanguka chini. Wamesema manesi tangu waanze kazi hawajaona mwanamume anayeanguka baada ya habari njema.

Mtoto amepimwa kwa daktari yuleyule. Nilikitazama kichupa chake mpaka macho yakauma. Maji yalitakata.

Sasa la kuumiza. Siku ya tatu nimeamka nauliza uko wapi, naambiwa umeondoka alfajiri, hukupita nyumbani. Hasira niliyokuambia itapata zamu imeipata. Mwili umepona kiasi cha kuibeba, basi ninaibeba. Nimekukasirikia kwa ajili ya Dada na kwa ajili ya kimya cha mwezi wa nne. Na nakuombea kila siku. Vyote viwili vinakaa humuhumu.

Nilimweleza Mama yote, na nikamsomea barua yako ya mwezi wa tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto kifuani kwake. Hakuosha kitu. Alisema tu, "Amekuandikia kuwa alitoka kwa mlango wa nyuma?" Nikasema ndiyo.

Sasa amesimama nyuma yangu tangu nianze ukurasa huu. Ameniomba kalamu. Anasema nisisome, bahasha ataifunga mwenyewe.

Sindano


Mwanangu,

Siku ile nilikuwa dirishani. Nilikuona unatoka, nikakuona unavuka barabara. Dirisha lilikuwa wazi, ningekuita ungenisikia. Sikukuita. Dada yako alikuwa anakwisha mikononi mwao, nikasema moyoni, huyu wasimguse. Nesi alipouliza uko wapi nilisema sijui. Baba yako aliniuliza, nikasema sijui. Miaka yote hii nimekuacha uibebe aibu hii peke yako, na nusu ilikuwa yangu.

Njoo nyumbani. Uniulize lolote. Nitakujibu.

Mama yako